Tao Lisilobeba Kitu

Wapo wanaolidharau Kanisa Kuu la Bukoba, eti ni zege tupu. Kwao kanisa lenye hadhi ni lenye matao yaliyochongoka juu, kama la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, walilojenga Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Nionavyo mimi, hukumu hiyo imetazama sura ikasahau kazi.

Mafundi wa Ufaransa wa karne ya 12 hawakulichongoa tao kwa urembo tu. Walikuwa na dari ya mawe, nzito ajabu. Tao la ncha liliuteremsha uzito ule karibu wima mpaka kwenye nguzo, na msukumo uliobaki ukapokelewa na mihimili iliyoegemezwa nje. Ukuta, ukiwa umetuliwa mzigo, ukaweza kuwa kioo. Walipozidisha tamaa walilipa: huko Beauvais dari iliyopaa mita 48 hivi iliporomoka mwaka 1284.

Makanisa mengi ya zamani ya misheni nchini mwetu yana tao, lakini dari ya mawe hayana. Juu ni mbao na mabati. Tao limebaki picha ya tao. Simlaumu mmisionari, alijenga alichokikumbuka cha kwao. Ila katika Bukoba na Muleba aliyekuwa karibu zaidi na fikra za mafundi wale ni Mhaya mjenzi wa msonge. Msonge hauna ukuta wa kubeba paa. Nguzo za ndani na fito zilizopindwa ndizo nyumba. Nyasi, zinazoshuka hadi chini, ni ngozi tu juu ya mifupa.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilituonyesha gharama ya ukuta wa matofali usio na mifupa. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikapasuka. Kwa hiyo zege lenye nondo, hata likikosa urembo, nalihesabu ndugu wa msonge.

Zege nalo lina madai yake. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Rutabo, Muleba, kabla ya kiti kuhamia Bukoba mwaka 1960, alifariki Desemba 1997 akazikwa Kashozi, kwa kuwa kanisa kuu lilihitaji matengenezo. Alihamishiwa humo Oktoba 2012. Wanaonung'unika kwamba miaka 15 ilikuwa mingi wakumbuke la Köln: lilianzwa 1248, likakamilika 1880.