Maana ya Neno "Disgrace" na Mipaka ya Fedheha

Neno la Kiingereza "disgrace" limezoea kupewa mwenzake wa Kiswahili bila ya kuulizwa asili yake: fedheha. Mwanafunzi huliandika hivyo katika daftari lake, mfasiri naye hulitia ukurasani, na aghalabu hapana alalamikaye.

Walakini maneno haya mawili hayakuzaliwa nyumba moja. "Disgrace" liliingia katika Kiingereza karne ya 16 kutoka Kifaransa, nacho kililipata kwa Kitaliani, ambako "disgrazia" hata leo aghalabu ni msiba, usiomtia mtu doa lo lote. Shina lake ni neno la Kilatini "gratia", yaani fadhila au upendeleo, lililotanguliwa na kiambishi chenye kuondoa. Mwenye hali hiyo, basi, ni mtu aliyenyimwa kibali na mkubwa wake. Fedheha latokana na Kiarabu, na shina lake ni kufichua. La kwanza lataka awepo mwenye kutoa kibali na kukiondoa. La pili lataka macho ya watu.

Aibu ni jambo jingine tena. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara neno hilo ni kasoro iliyomo katika bidhaa, ionekane isionekane. Methali "Aibu ya maiti, aijuaye mwosha" yashika maana hiyo barabara: mwosha akinyamaza, aibu huzikwa na mwenyewe, akisema, imekuwa fedheha. Hapa Kiswahili chapambanua kitu ambacho Kiingereza hakijali kukipambanua.

Mtoto wa Kiingereza aliyevunja kikombe akakatazwa kuja mezani husemwa kuwa yumo "in disgrace", hata kama ajuaye habari hiyo ni mama yake peke yake. (Mbwa aliyeiba nyama husemwa vivyo hivyo.) Kumwambia Mswahili kwamba mtoto huyo yumo katika fedheha ni kumchekesha. Yeye atasema amenuniwa, au amekosana na mamake.

Katika soneti yake ya 29, iliyochapwa mwaka 1609, Shakespeare aliliunganisha neno hili na bahati pamoja na macho ya watu. Fedheha yafaa kwa macho. Kwa bahati haifai, kwani bahati haimfichui mtu, humpa kisogo.

Jaribio gumu kuliko yote ni riwaya ya J. M. Coetzee ya mwaka 1999, iliyopata tuzo ya Booker mwaka huo huo, ambayo jina lake ni neno hili peke yake. David Lurie, mwalimu wa chuo kikuu mjini Cape Town, aingiliana na mwanafunzi wake. Aitwa mbele ya kamati, akubali kosa lakini akataa kutoa toba anayotakiwa, na magazeti yamwandika. Mpaka hapo jina "Fedheha" lingetosha kabisa. Lakini baadaye Lurie ahamia shambani kwa bintiye katika Eastern Cape, na kazi yake ikawa kupeleka mizoga ya mbwa katika tanuri la hospitali, ili isitendewe vibaya. Huko hapana amtazamaye, wala hapana siri iliyobaki kufichuliwa. Na bado neno la Kiingereza lamfuata. Afikapo George nyumbani kwa wazazi wa yule msichana, asema kwamba amezama katika hali hiyo, na msikilizaji wa Kiingereza husikia papo hapo kinyume chake, ile hali ya neema wanayoitaja Wakristo. Fedheha haina neema ndani yake hata chembe.

Mfasiri anaweza kulishika jina "Fedheha" jaladani, kwa kuwa hapana neno moja lililo bora. Lakini katika mazungumzo ya George itampasa aliache. "Kuanguka" lingekaribia zaidi, maana mtu huanguka mbele ya mkubwa wake, na mbele ya Mungu, na hata mahali pasipo mtu.