Windows 7 Ilimsamehe Asiyestahili

Kupunguza maswali ya UAC, yale ya kuomba idhini kabla programu haijapata mamlaka ya msimamizi, hakukuwa kosa. Windows Vista ilizidi; watu walizoea kubofya “Endelea” bila kusoma. Kosa la Windows 7 ni namna ilivyochagua nani asiulizwe, na hadi leo siuoni utetezi wake.

Windows 7 iliiwekea UAC kitelezi cha ngazi 4. Kilikuja kimewekwa ngazi ya pili kutoka juu. Hapo, ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi, programu za Windows zenye saini ya Microsoft, zilizo ndani ya folda inayolindwa na zenye alama ya autoElevate, hujipandisha mamlaka kimyakimya. Programu za wengine ndizo huulizwa. Mfumo ulimkagua anayefungua mlango, haukumkagua aliyemtuma.

Chukueni eventvwr.exe ya Windows 7, mojawapo ya programu hizo zilizosamehewa. Ikishapata mamlaka kamili, huuliza rejista faili za .msc zifunguliwe na nini, na huanza kutafuta kwenye HKCU, tawi la mtumiaji, ambalo programu yoyote anayoiendesha inaweza kuandika humo bila kuomba ruhusa. Andika hapo njia ya programu yako, kisha fungua eventvwr, na programu yako inaamka na mamlaka yaleyale. Dirisha la UAC halitokei kabisa. Mtafiti wa usalama Matt Nelson aliionyesha hila hiyo mwaka 2016.

Lakini onyo lilishatolewa mwaka 2009, Windows 7 ikiwa bado ya majaribio. Wanablogu Long Zheng na Rafael Rivera walionyesha skripti fupi inayoigiza vitufe na kuizima UAC yenyewe. Hilo lilirekebishwa. Kisha msanidi programu Leo Davidson akaonyesha njia ya kupitia sysprep, programu nyingine ya Windows iliyosamehewa. Jibu la Microsoft likabaki kwamba UAC si mpaka wa usalama. Jibu hilo linaniudhi. Kama si mpaka, skrini inatiwa giza kwa ajili ya nini?

Linganisha na sudo, amri ya Unix ya kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi. Iliyozaliwa SUNY Buffalo mwaka 1980 mikononi mwa Bob Coggeshall na Cliff Spencer, na kutunzwa kwa miaka mingi na Todd Miller, inajali raha ya mtumiaji pia: ukishaandika nywila, kwa kawaida inakukumbuka dakika 5. Ukitaka msamaha, unaandika NOPASSWD kwa amri moja, kwa njia yake kamili. Msamaha huo anautoa mwenye mashine, na anaweza kuufuta. Wa Windows 7 uliandikwa na mtengenezaji ndani ya programu zake. Huwezi kuiondolea msamaha programu moja na kuziachia nyingine.

Kwa hiyo mashine ninayokabidhiwa, kitelezi kinapanda juu kabisa, na mtumiaji anapewa akaunti ya kawaida.