Taa Iliyosomwa na Adui: Ishara za Jutland, 1916

Usiku wa tarehe 31 Mei 1916, mapigano ya majini ya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani yakiwa bado hayajaisha, manowari ya Uingereza HMS Lion iliiomba jirani yake Princess Royal, kwa taa, iipatie ishara ya siri ya kutambuana pamoja na jibu lake, kwa kuwa zake zilikuwa zimepotea. Ilikuwa saa tatu na dakika 32. Princess Royal ikajibu, kwa taa vilevile. Wajerumani walikuwa karibu kiasi cha kuona mimweko ile, wakanasa sehemu ya jibu.

Wengi hulieleza tukio hili kuwa ni uzembe wa mtu mmoja. Mimi naamini mzizi wake uko katika namna ishara zenyewe zilivyopangwa, na anayeijua taa ataona kwa nini.

Taa kubwa za ishara hazikuwashwa na kuzimwa kwa kila herufi. Waya wa balbu huchelewa kuwaka na huchelewa kupoa, hivyo nukta ingerefuka ikafanana na mstari. Na kurunzi yenye tao la kaboni ndiyo kabisa haiwezi kuchezewa hivyo. Mwanga uliachwa uwake mfululizo, na mbele yake vikawekwa vibao kama luva za dirisha, ambavyo mtuma ishara alivifungua na kuvifunga kwa wenzo. Kwenye taa ya mkononi ya Aldis kilichosogezwa ni kioo: ukivuta kifyatulio kinainama na kumpelekea mwanga uliyemlenga, ukikiachia mwanga unamkosa. Nukta ni kipimo kimoja, mstari vitatu. Giza kati ya herufi ni vipimo vitatu, kati ya maneno saba. Anayekosea kupima giza anaharibu ujumbe sawa na anayekosea kupima mwanga.

Lakini ubora hasa wa taa uko upande wa pili. Katika utaratibu wa kimataifa, anayeitwa humulika T mfululizo mpaka mwitaji anyamaze. Kisha kila neno analolipata analijibu kwa T moja, na mwisho wa ujumbe anatoa R. Asipojibu, neno linarudiwa. Kwa hiyo mtumaji anajua, neno kwa neno, kwamba amesomwa.

Bendera haina T ya namna hiyo kwa kila neno, na siku ileile mchana jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwagharimu Waingereza. Saa nane na dakika 32, Admeri David Beatty, akiwa ndani ya Lion, aliagiza kwa bendera meli zake zigeuke kuelekea kusini-kusini-mashariki. Barham, iliyoongoza kikosi cha manowari nne zenye mizinga ya inchi 15, ilikuwa umbali wa maili tano hivi, na moshi ulizifunika bendera. Admeri Hugh Evan-Thomas, kamanda wa kikosi hicho, akaendelea na njia ya awali. Kabla ya hapo manowari Tiger ndiyo iliyokuwa ikiipitishia Barham amri kwa kurunzi; safari hii ilinyamaza, na zilipita dakika kama nane kabla amri haijafika. Pengo likapanuka hadi karibu maili kumi. Mizinga ile mikubwa ilipoanza kuzilenga manowari kubwa za Admeri Hipper wa Ujerumani, baada ya saa kumi jioni, manowari ya Uingereza Indefatigable ilikuwa imekwisha kulipuka.

Baadaye redio ya Lion iliharibiwa kwa makombora, ikawa inaipa Princess Royal ujumbe kwa taa ili iurushe hewani. Kwa hiyo ombi la usiku lilipita njia ambayo mabaharia walikuwa wameitumia kwa saa nyingi. Tofauti ilikuwa giza. Mwale wenye mtawanyiko wa nyuzi tatu tu, ukifika kilomita nne, umeshapanuka kupita mita 200, na yeyote aliye ndani ya upana huo anasoma sawa na mlengwa. Kila neno linalorudiwa kwa usalama wa mpokeaji linampa mdukuzi nafasi ya pili.

Siri ya Waingereza ilikuwa herufi za kumulikwa moja baada ya nyingine, na kitu kinachotumwa hivyo kinaweza kunakiliwa hivyo. Wajerumani walikuwa na mpango bora zaidi kwa usiku: taa za rangi zilizopangwa juu mlingotini, zikiwashwa zote kwa swichi moja na kuzimwa papo hapo. Anayezijua anazitambua kwa kutupa jicho mara moja, na hakuna tahajia ya kuibiwa. Hapo ndipo walipowazidi Waingereza usiku ule.

Saa nne usiku ilipopita, meli zilitokea gizani na kuimulikia Castor, kiongozi wa kikosi cha Waingereza cha manowari ndogo za torpedo. Ishara mbili za kwanza zilikuwa sahihi, mbili zilizofuata za makosa. Kabla Castor haijaamua, Hamburg na Elbing za Wajerumani ziliwasha kurunzi na kufyatua mizinga. Mabaharia wake zaidi ya kumi waliuawa. Castor na mbili za kikosi chake, Magic na Marne, zilirusha torpedo moja moja. Nyingine nyingi kikosini zilijizuia, baadhi ya makamanda wakiwa na hakika kwamba wanaofyatua ni Waingereza wenzao waliokosea shabaha.