Toleo, Juzuu au Sehemu? Istilahi za Vitabu vya Katuni Mbele ya Mnunuzi wa Ghafla

Makala haya yanakusudia kulihakiki neno toleo, pamoja na jamaa zake juzuu, sehemu na chapa, kama yanavyotumika juu ya majalada ya vitabu vya katuni. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo. Mimi nililiona dogo pia, hadi nilipofika Makanyagio, kata ya mji wa Mpanda ambako inaishia reli ya tawi itokayo Kaliua.

Katika kibanda kimoja cha kata hiyo nilimwona kijana aliyekuja kununua betri za tochi. Jicho lake likaangukia kitabu cha katuni kilichoanikwa kwenye kamba, mfululizo mpya ambao hakuwahi kuusikia. Akageuza kurasa mbili tatu, akatabasamu, akalipa, betri akaziacha. Juu ya jalada paliandikwa “Toleo la 3”. Alipoketi kusoma alimkuta mtu aliyekwisha kufungwa kamba, akidaiwa ng’ombe ambao habari zao hazikuelezwa popote. “Kaka,” aliniambia, “hapa nimeingia katikati ya ugomvi wa watu.” Yeye alidhani kuwa hadithi ile imepigwa chapa mara tatu kwa sababu imependwa.

Dhana yake haikuwa ya kijinga. Katika vitabu vya masomo, toleo la tatu ni kitabu kilekile kilichorekebishwa. Anayelipata hakukosa kitu, bali amepata kilicho bora kuliko vilivyotangulia. Katika magazeti na majarida, toleo la tatu ni lile lililofuata la pili, na yaliyomo ni mengine kabisa. Kwa hiyo neno moja linabeba maana mbili zinazopingana: ya kwanza humwahidi msomaji ukamilifu, ya pili humwonya kuwa yapo yaliyompita. Neno lenyewe halina kasoro ya uundaji. Limetokana na kitenzi toa kwa njia iliyonyoka, na chochote kitolewacho chaweza kuitwa toleo. Kasoro iko katika mgawanyo wa kazi.

Wapo watakaosema kuwa mwenye makosa ni mnunuzi, kwani mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Sikubaliani nao. Mfululizo mpya hauna njia nyingi za kumpata msomaji wake. Hutegemea mtu apitaye njiani, mwenye shilingi chache na udadisi wa ghafla. Mtu huyo hana muda wa kuuliza, wala hana wa kumuuliza. Jalada peke yake ndilo linalomshauri, na maneno ya jalada yakimpotosha mara moja, mara ya pili atanunua betri.

Katuni za zamani zilimlinda msomaji wa namna hii kwa njia zao. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza kuonekana Kenya katika miaka ya 1950, alikuja ndani ya gazeti; aliyelinunua gazeti kwa ajili ya habari alimpata Juha kama nyongeza. Jina lake pia lilijieleza: juha ni mpumbavu kwa Waswahili wote, na kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu za kusini mwetu. Hapa Tanzania jarida la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, lilikuwa na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Asiyewahi kulisoma aliweza kuanzia popote, kwa kuwa ndumilakuwili alikwisha kumjua mtaani kwake, na lofa vilevile. Kwa njia hiyo jina la mhusika lilifanya kazi ya utangulizi. Hadithi ndefu inayokatwa vipande haina kinga hiyo, na ndiyo sababu inahitaji istilahi zilizo wazi.

Tuyapime basi maneno tuliyo nayo. Juzuu, lenye asili ya Kiarabu, lina sifa ya kuonyesha fungu la kitu kizima. Ndivyo tunavyozitaja juzuu 30 za Kurani. Lakini ni neno zito, na laufaa mkusanyiko mnene zaidi kuliko kijitabu cha kurasa chache. Sehemu linaeleweka na kila mtu, ila hutumika pia kwa migawanyo iliyo ndani ya kitabu kimoja. Chapa lingeachiwa kazi yake ya kuonyesha kitabu kimerudiwa kupigwa mara ngapi bila mabadiliko.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika rasimu ya orodha niliyoiandaa mwenyewe, niliandika toleo kwa maana zote mbili, nikaridhika kwamba muktadha utaamua. Muktadha huamua ofisini, ambako msomaji analo jarida zima mezani. Kwenye kamba ya kibanda hakuna muktadha.

Napendekeza hivi. Toleo lisitumike kabisa kuhesabu vitabu vya katuni vyenye hadithi inayoendelea. Libaki kwa magazeti na majarida, na kwa vitabu vilivyorekebishwa. Jalada litaje kwanza jina la mfululizo, kisha “Kitabu cha 3”, kisha moja kati ya maneno haya: “hadithi kamili” au “hadithi inaendelea”. Hakuna neno jipya hata moja katika pendekezo hili. Wafasiri wanaoleta mifululizo ya nje wanaweza kulitumia bila kungoja orodha nyingine, na walimu wanaoagiza vitabu vya maktaba watajua wanachokiagiza.

Kijana yule alirudi kwa mwenye kibanda kuulizia mwanzo wa hadithi. Haukuwapo. Mwenye kibanda alichukua karatasi ili aagize, akaandika “toleo la kwanza”, kisha akasita na kuniuliza kama wataelewa. Sikuweza kumhakikishia. Walimu, wafasiri na watumishi wenye maoni juu ya pendekezo hili wanaombwa wayatoe kabla rasimu haijasanifiwa.