Herufi ya Kwanza na Ukoo wa Viwakilishi vya Kiingereza

Pana desturi ya kuvipanga viwakilishi vya Kiingereza kwa kufuata herufi ya kwanza, tangu "all" hadi "yours". Orodha ya namna hiyo ni chombo cha kutafutia neno, na kwa kazi hiyo haina lawama. Lawama huanza pale inapowekwa mbele ya mwanafunzi kana kwamba ni uchambuzi wa sarufi. Makala haya yanakusudia kupima ni kwa kiasi gani herufi ya kwanza yaweza kutuonyesha ukoo wa maneno haya.

Yako mafungu yanayoitetea herufi. Katika "none", "nothing", "nobody" na "neither" mnasikika kikanushi cha kale, "ne". "None" asili yake ni kikanushi hicho kilichoungana na neno la "moja". Vivyo hivyo "who", "what" na "which", ambayo katika Kiingereza cha Kale yalianza kwa "hw". Leo sikio husikia h katika "who" na w katika "what"; maandishi ndiyo yaliyouhifadhi udugu wao.

Lakini tazama fungu la "th". "This", "that" na "they" huanza kwa sauti moja, ile tuiandikayo dh. Hata hivyo "they" na "them" yalitoka katika lugha ya Wanorse waliolowea mashariki na kaskazini ya Uingereza tangu karne ya 9. Ingawa kwa asili ya mbali yana nasaba na "that", hayakuzaliwa katika nyumba hii. Kabla yake wenyeji walitumia maumbo yenye h. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "they" lakini akabaki na "hem" mahali pa "them". Hata "it" lilikuwa "hit". Basi "he", "him", "her" na "it" ni wa ukoo mmoja, ila alfabeti humtenga "it" na kumweka jirani ya "I", asiye ndugu yake.

Fungu la "s" ndilo dhaifu kuliko yote. "Several" liliingia kwa njia ya Kifaransa, na halina uhusiano wowote na "she" wala "such". Jamaa wa kweli wa "such" ni "which" na "each": zamani yalikuwa "swilc", "hwilc" na "ælc", na yote matatu yameungana na neno lililomaanisha umbo au mwili. Hapa udugu umo mkiani, wala si kichwani, na orodha ya alfabeti haina njia ya kuuonyesha.

Jambo hili latuhusu sisi tunaochunguza lugha za Kibantu kuliko linavyomhusu Mwingereza. Katika "huyu", "hiki" na "hili", h ni alama ya kuashiria, na ngeli huja baada yake. Katika "yule", "kile" na "lile", ngeli hutangulia, na umbali huonyeshwa na "-le" ya mwisho. Rejea nayo, katika "huyo" na "hicho", imo katika "-o". Anayefuata herufi ya kwanza atamweka "yule" pamoja na "yapi", ambayo ni ya ngeli nyingine kabisa, na kumtenga na "huyu" wa ngeli yake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliiona hatari hii, ikayakusanya maneno mengi chini ya mzizi wa kitenzi.

Kwa hiyo herufi ya kwanza ni shahidi wa kuhojiwa, si hakimu. Pale inapobeba mofimu, kama katika "none", ushahidi wake ukubaliwe. Pale isipobeba kitu, orodha ibaki faharisi mwishoni mwa kitabu, na mwanafunzi afundishwe kulichambua neno lote kabla ya kulitafutia jamaa.