Dozi ya Mtoto Mmoja

Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kwamba wamemtibu mtoto mchanga kwa dawa ya kurekebisha jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Ini lake lilishindwa kuondoa amonia mwilini. Dawa ililenga kosa la herufi moja tu ya jeni. Ilikuwa tayari ndani ya miezi sita. Wanastahili pongezi zote walizopata.

Huku Kilifi, pwani ya Kenya, kosa la herufi moja ni jambo la kila siku ya kliniki. Selimundu ndiyo hiyo. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu, akaona wenye jeni hiyo ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ila nyanda za juu ni wachache. Mwaka 1954 akaeleza sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili ndiye huugua.

Sasa tazama werevu wa tiba. Mtoto wa selimundu haumwi miezi ya mwanzo, kwani bado anayo hemoglobini aliyotoka nayo tumboni, nayo haipindishi chembe za damu. Basi waliobuni Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hawakuigusa kabisa herufi iliyokosewa. Walikata swichi inayoizima hemoglobini ile ya uchanga. Tena si swichi nzima, ni kile kipande kinachofanya kazi katika ukoo wa chembe nyekundu, ili kwingineko mwilini jeni ya swichi hiyo iendelee na shughuli zake. Ufundi ulioje, kujua pa kutogusa! Bei iliyotangazwa Marekani: dola milioni 2.2, na mgonjwa huuliwa uboho kwa kemikali kwanza.

Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, huiamsha hemoglobini ileile. Kilifi ilikuwa kimojawapo cha vituo vinne vya REACH, utafiti wa dawa hiyo, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale. Matokeo yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Hapo ndipo ninapovua kofia. Mtoto hupimwa uzito, hutolewa damu, chembe nyeupe na chembe sahani zikahesabiwa. Dozi huongezwa kidogo, wiki zikapita, hesabu ikarudiwa. Zikishuka mno, dawa husimamishwa, kisha huanzwa tena chini kidogo. Ni kazi ya fundi wa kanzu: kupima, kushona, kumvisha mwenyewe, kufumua. Mwishowe kila mtoto huwa na dozi yake, isiyomfaa hata nduguye mgonjwa. Hakuna anayeiita tiba ya mtu mmoja, lakini ni nini kingine?

Basi mzazi wa Malindi, Ganze au Magarini, mwanao mdogo akivimba viganja na nyayo bila kujeruhiwa, au macho yakawa manjano, mpeleke apimwe. Na akishaanzishiwa dawa, usikose tarehe ya kliniki, hata siku anayoamka akicheza.