Kamba Isiyoonekana Nje

Watu wakifika Giza, nchini Misri, hutazama juu, na hawana kosa: piramidi la mfalme Khufu lina haki yake. Mimi lakini, kazi ya mikono ninayoihusudu kuliko zote pale ililala ardhini, upande wa kusini wa piramidi hilo, ndani ya shimo lililofunikwa kwa mabamba 41 ya mawe ya chokaa. Mwezi Mei 1954 mwanaakiolojia Kamal el-Mallakh alipenyeza mwanga wa jua kwa kioo kupitia tundu lililotobolewa, akaona ncha ya kasia. Humo mlikuwa na chombo kizima, kimefumuliwa na kupangwa matabaka 13: vipande 1,224, pamoja na kamba na mikeka yake.

Kina urefu unaozidi meta 43 na umri wa miaka ipatayo 4,500. Mbao zake kubwa ni za mwerezi wa Lebanoni, kwa kuwa mgunga na mkuyu wa Misri haitoi mbao ndefu zilizonyooka. Mwerezi uliletwa kwa bahari. Sneferu, baba yake Khufu, ameandikwa katika kumbukumbu za wafalme kuwa aliletewa shehena ya meli 40.

Sasa tuje kwenye mshono. Sisi wa pwani hatushtuki kusikia chombo kimeshonwa, maana mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi na kukata bahari kwa tanga la mkeka hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Sidai kuwa mtepe una nasaba na Mto Nile. Ila aliyezoea habari za vyombo vya kushonwa ndiye atakayeona upesi walichofanya mafundi wa Khufu: ukizunguka chombo chao kwa nje, huoni tundu lililotobolewa wala kamba iliyochungulia. Mshono wote uko ndani.

Mbao za chini zina unene wa sentimeta 13 hivi, na katika unene huo ndimo siri ilimo. Fundi alichimba matundu mawili kwenye uso wa ndani wa ubao, kila moja likiingia kwa mshazari, hadi yakakutana katikati ya mti. Kamba ya majani iliingia huku na kutokea kule bila kugusa upande wa maji. Fikiria alivyofanya. Ana patasi ya shaba, inayofubaa upesi na kudai kunolewa kila mara. Akienda kina zaidi, atatokea nje na kuharibu ubao uliovuka bahari. Akichimba juu juu, daraja la mti lililobaki baina ya matundu litang'oka kamba ikivutwa. Na pale njia mbili zinapokutana hapaoni. Anakadiria kwa mkono. Kisha anahamia tundu linalofuata.

Kamba zilipita kutoka ubavu mmoja wa chombo hadi wa pili, zikivuka vipande virefu vya mti vilivyolazwa juu ya maungio ya mbao. Kingo za mbao zenyewe zilikatwa meno yanayopandana, ubao usiteleze mbele wala nyuma. Mkuku hakuna. Mataruma yalitiwa baadaye, mwili ukiwa umeshasimama. Chombo cha namna hii kikiingia majini, mti hufura na kamba hujikaza, hata maji yenyewe yakawa yanasaidia kukibana. Wataalamu hubishana kama hiki kiliwahi kuelea au kilitengenezwa kwa ajili ya mazishi tu. Vyovyote iwavyo, aliyekichonga hakulipua kazi.

Hag Ahmed Youssef, fundi wa kukarabati vitu vya kale, ndiye aliyekabidhiwa rundo lile. Hakuwa muunda vyombo, akaenda kujifunza kwa waunda mashua wa Mto Nile, akachonga vielelezo vidogo vya vipande na kuvipanga mezani. Msaada mkubwa aliupata kwa wenzake wa kale: baadhi ya mbao zilikuwa na alama zinazoonyesha robo ya chombo ambako kila moja inakaa, mbele au nyuma, kulia au kushoto. Hata hivyo alikiunga na kukifumua mara kadhaa hadi mistari ikakaa sawa, na miaka zaidi ya kumi ikapita. Jengo lililowekwa juu ya shimo lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1982, na Agosti 2021 chombo kilihamishwa kizimakizima hadi Makumbusho Makuu ya Misri yaliyo jirani.

Kuna shimo la pili, nalo lilikuwa na chombo. Watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Sakuji Yoshimura wamefanya kazi huko pamoja na Wamisri, lakini unyevu na wadudu walitangulia. Mti umelegea kiasi kwamba vipande ilibidi vitiwe dawa ya kuvigandisha kabla ya kuinuliwa, na anayekiunga hawezi kuvuta kamba kwa nguvu kama alivyovuta Ahmed Youssef.